Sifa zinazofanana na rambirambi: Wahakiki na albamu ya Yo La Tengo

Kuna sifa ambazo mtu akipewa anapaswa kushtuka kidogo. Hebu fikiria mzee anayekutana na jirani sokoni, naye jirani anamwambia kwa bashasha, "Ala! Kumbe bado unatembea!" Jirani hana nia mbaya hata chembe. Amefurahi kweli. Lakini sentensi yake imebeba mzigo mgongoni: inasema kwamba alitarajia kumkuta mzee huyo kitandani, kama si kaburini. Mzee atatabasamu, atashukuru, kisha njiani ataanza kujiuliza watu wanamsema vipi huko vijijini.

Leo nakusudia kuzungumzia sifa za namna hiyo jinsi zinavyojitokeza katika uhakiki wa muziki. Mfano wangu nimeutoa mbali: bendi ya roki ya Marekani iitwayo Yo La Tengo, pamoja na mapokezi ya albamu yake This Stupid World iliyotoka tarehe 10 Februari 2023.

Najua wapo watakaouliza: ukumbi wa Kiswahili na roki ya Wamarekani, wapi na wapi? Jibu langu ni fupi. Mwanamuziki hufanya kazi yake kwa sauti, ila mhakiki hana chombo kingine isipokuwa maneno. Anachokisikia hukipitisha katika lugha, na lugha ina mazoea yake, mitego yake na njia zake za mkato. Anayetaka kuona jinsi njia hizo za mkato zinavyofanya kazi hana mfano mzuri kuliko bendi inayosifiwa na karibu kila mhakiki. Kazi ikitukanwa sote huenda mbio kuangalia kama tusi ni la haki. Ikisifiwa, nani hukagua sifa?

Kwanza niwajulishe wahusika. Yo La Tengo ilianzishwa mwaka 1984 katika mji wa Hoboken, jimbo la New Jersey, ng'ambo ya mto ukitoka New York. Waanzilishi ni Ira Kaplan, anayepiga gitaa, na Georgia Hubley, anayepiga ngoma. Hao ni mume na mke. James McNew, mpiga gitaa la besi, alijiunga nao mwaka 1992, na tangu hapo watatu hao hawajaachana. Wote huimba. Albamu yao ya kwanza, Ride the Tiger, ilitoka mwaka 1986. Mwaka 1993 walitoa Painful kupitia lebo ya Matador, na miaka thelathini baadaye wapo kwenye lebo hiyo hiyo.

Muziki wao huwekwa katika fungu la roki huru, ile ambayo vijana wa mjini huiita "indi". Jina hilo lilianza kama habari ya biashara: zilikuwa bendi zilizorekodi na kampuni ndogo ndogo nje ya himaya ya kampuni kubwa za muziki. Baadaye likageuka kuwa jina la mtindo: magitaa yenye mikwaruzo, sauti za uimbaji zisizojitutumua, na namna fulani ya kukwepa mbwembwe za jukwaani.

Jina la bendi lenyewe ni somo la lugha. Ni Kihispania, na lina kisa kinachosimuliwa sana miongoni mwa wapenzi wa besiboli. Mwaka 1962 timu ya New York Mets ilikuwa na msimu wa aibu. Ilishindwa mara 120. Mchezaji wake Richie Ashburn alikuwa akigongana kila mara na mwenzake Elio Chacón kutoka Venezuela, kwa sababu mpira ukipaa Ashburn alipiga kelele kwa Kiingereza kwamba huo ni wake, naye Chacón, aliyezoea Kihispania, hakuelewa. Ashburn akafundishwa aseme "yo la tengo". Siku ikafika, mpira ukapaa, Ashburn akapiga kelele hiyo, Chacón akasimama kwa adabu. Ashburn alipokuwa akijiandaa kuudaka, akakumbwa na mwenzao mwingine, Frank Thomas, aliyekuwa hajui neno hata moja la Kihispania!

Mpenzi wa sarufi ataona jambo jingine hapo. Ile "la" ya Kihispania ni kiwakilishi kinachosimama badala ya nomino ya jinsia ya kike, yaani mpira. Sisi tungesema "ninao", na ile "o" ya mwisho ingefanya kazi iyo hiyo kwa ngeli ya U-I. Wahispania wana jinsia, sisi tuna ngeli, na kote wawili mpira umo ndani ya neno ingawa haujatajwa.

Nimekieleza kisa hiki kwa sababu nacho kinahusu uhakiki. Mhakiki naye ni mtu anayekimbia huku akitazama juu na kupiga kelele, "Ninao!" Swali ni kama kweli anao, au ametamka neno alilofunzwa kulitamka mpira unapopaa.

Albamu ya This Stupid World ina nyimbo tisa na ilitayarishwa na wanabendi wenyewe bila mtayarishaji wa kutoka nje. Ilipotoka, sehemu kubwa ya mapitio katika magazeti na majarida ya Marekani na Uingereza ilikuwa ya sifa. Hilo si ajabu. Yo La Tengo ni kipenzi cha wahakiki tangu zamani. Kaplan mwenyewe alikuwa mwandishi wa habari za muziki kabla ya bendi kupata jina. Aliandika katika jarida la New York Rocker. Mwaka 2002 gazeti la vichekesho la The Onion liliandika habari ya mzaha kwamba wauzaji 37 wa maduka ya santuri walihofiwa kufa katika mkasa uliotokea kwenye tamasha la bendi hiyo. Utani wenyewe ulieleweka mara moja: ukumbi ukianguka Yo La Tengo wanapopiga, watakaoumia ni wajuzi wa muziki watupu, maana wengine hawakuhudhuria.

Basi tusibabaishwe na wingi wa sifa. Tuangalie maneno. Katika mapitio ya albamu mpya za bendi kongwe, na hii ikiwemo, nimeona maneno matatu madogo yanayofanya kazi kubwa. Kwa Kiswahili chetu ni "wamerudi", "tangu" na "bado".

Tuanze na "wamerudi". Mhakiki husema bendi imerejea katika hali yake nzuri. Lakini kurudi kunahitaji mtu awe ameondoka. Yo La Tengo waliondoka lini? Mwaka 2013 walitoa Fade. Mwaka 2015 wakatoa Stuff Like That There, iliyojaa nyimbo za watu wengine na baadhi ya zao za zamani zilizopigwa upya kwa utulivu. Mwaka 2018 ikaja There's a Riot Going On, na mwaka 2020, dunia ikiwa imejifungia ndani kwa sababu ya korona, wakatoa We Have Amnesia Sometimes, muziki mtupu usio na maneno. Tangu mwaka 1996 wamekuwa wakienda katika redio ya WFMU huko New Jersey kuchangisha fedha, ambapo msikilizaji anayechanga huchagua wimbo wowote nao huupiga papo hapo, wawe wanaujua au hawaujui vizuri. Tangu 2001 wamejulikana kwa maonyesho ya usiku nane mfululizo wakati wa Hanuka, sikukuu ya Wayahudi. Watu hawa hawajaenda popote.

Anayesema "wamerudi" ana maana nyingine. Anamaanisha wamerudi kwake. Albamu ya mwaka 2018 ilikuwa ya kimya kimya, sauti zinazoelea kama ukungu, ilhali jina lake, walilolichukua kutoka kwa albamu ya Sly and the Family Stone ya mwaka 1971, linazungumzia ghasia. Msikilizaji aliyependa kelele za magitaa alihisi ametupwa. Mwaka 2023 kelele zikasikika tena naye akashangilia. Sasa hiyo ni habari ya msikilizaji na anachokipenda. Ni habari halali kabisa, ila iandikwe hivyo: "Mimi napenda magitaa yanayonguruma, na hapa nimeyapata." Neno "wamerudi" huigeuza hamu ya mtu mmoja kuwa historia ya bendi nzima.

Neno la pili ni "tangu". Hii ni albamu yao bora kabisa tangu ile na ile. Hapo mhakiki hutaja aghalabu I Can Hear the Heart Beating as One ya mwaka 1997, au And Then Nothing Turned Itself Inside-Out ya mwaka 2000, na kila kilichokuja katikati hufagiliwa kwa silabi mbili. Angalia hesabu hiyo. Msomaji anadhani amepewa kipimo, kumbe kipimo chenyewe hakijulikani. Albamu ya 1997 ilikuwa bora kwa lipi? Kwa kuchanganya mitindo mingi katika diski moja? Ile ya 2000 je, iliyotulia kiasi kwamba wimbo wake wa mwisho unachukua takriban dakika kumi na saba na hauinui sauti ila kidogo tu? Kazi hizo mbili hazifanani, na This Stupid World haifanani na yoyote kati yao. Kusema ni bora "tangu" hizo ni kama kusema chai ya leo ni tamu kuliko zote tangu ule uji wa juzi.

La tatu, na ndilo linaloniuma zaidi, ni "bado". Bado wana nguvu. Bado wana la kusema. Katika Kiswahili neno hili lina tabia yake. Ukiliweka mbele ya kitenzi yakinishi, lasema jambo linaendelea: bado anaimba. Ukiliweka mbele ya kitenzi kikanushi, lasema jambo halijatokea: bado hajaimba. Na likisimama peke yake kama jibu, maana yake ni hapana kwa sasa, lakini litakuja. "Umekula?" "Bado." Katika matumizi yote matatu kuna kitu kinachosubiriwa. Anayeniambia nimekula bado ana njaa na anatarajia chakula. Anayesema "bado wanaimba" naye anatarajia kitu: ukimya. Amesikia kelele, amefurahi, lakini sikio moja lipo mlangoni likisikiliza mwisho unavyokaribia.

Hapo ndipo sifa inapogeuka rambirambi. Soma mapitio ya bendi yoyote ya miaka thelathini au arobaini, kisha soma tanzia katika gazeti lolote. Utaona miundo ni ile ile: mwaka wa kuanza, kazi zilizotikisa, uaminifu wao kwa sanaa, vijana waliofuata nyayo zao, na hatimaye shukrani. Kilichobaki ni tarehe ya mazishi tu.

Mtetezi wa wahakiki atanijibu kwamba albamu yenyewe ndiyo iliyowapeleka huko. Ana hoja. Wimbo wa "Until It Happens" unamwambia msikilizaji waziwazi ajiandae kwa kifo muda ungalipo. Katika "Fallout" msemaji anatamani kuponyoka katika mikono ya wakati. Wimbo unaobeba jina la albamu unailalamikia dunia na papo hapo unakiri kwamba hakuna nyingine ya kuhamia. Watu waliopita umri wa miaka sitini, kama Kaplan na Hubley, wakiimba hayo, mhakiki atakosaje kuzungumzia uzee na mauti?

Nakubali azungumzie. Ila azungumzie jinsi yanavyoimbwa. "Until It Happens" una neno zito, lakini mwendo wake ni mwepesi na sauti ya Kaplan haina kilio, kama mtu anayemkumbusha mwenzake abebe mwavuli. Hapo ndipo penye kazi ya mhakiki, katika umbali uliopo kati ya neno na sauti inayolibeba. Ukichukua maneno peke yake ukayaunganisha na umri wa mwimbaji, umehakiki kitambulisho chake cha kitaifa. Na tusisahau kwamba waimbaji wa miaka ishirini huimba kifo kila siku. Hatusemi wanaaga. Twasema wana huzuni za ujana.

Nimeisikiliza albamu hii mara nyingi, na sitaki kukaa pembeni nikiwanyooshea wengine kidole bila kusema ninachokisikia. Wimbo wa kwanza, "Sinatra Drive Breakdown", umepewa jina la barabara ya Hoboken inayomkumbuka Frank Sinatra, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1915. Unadumu zaidi ya dakika saba. Besi na ngoma zinashika mwendo mmoja na kuung'ang'ania. Hazipandi wala hazishuki. Juu yake gitaa linakwaruza, linapasuka, linapotea, linazuka tena upande mwingine. Uimbaji uko chini, karibu na mnong'ono.

Katika nyimbo zao nyingi ndefu za miaka ya tisini, mfano "Blue Line Swinger" katika Electr-O-Pura ya mwaka 1995, kelele ilikuwa kilele. Wimbo ulianza kwa kusuasua, ukajikusanya, ukapanda mlima hadi magitaa yakalipuka, na msikilizaji akapata ile raha ya kufika. Katika This Stupid World kelele haipo kileleni. Imekuwa sakafu. Ipo tangu mwanzo, tunatembea juu yake, na kinachosubiriwa ni ile nyufa ndogo ambamo sauti ya binadamu itachomoza. Wimbo unaobeba jina la albamu ndio unaolionyesha hili wazi kuliko zote: mvumo mzito wa gitaa unatanda muda mrefu kabla maneno hayajaja, na yanapokuja ni machache na yanarudiwarudiwa.

Kwa maoni yangu hilo ni badiliko kubwa, na linapingana moja kwa moja na neno "wamerudi". Wametumia vifaa vile vile vya miaka thelathini iliyopita kujenga nyumba ya ramani tofauti. Mhakiki aliyesikia gitaa linakwaruza na kuandika kwamba mambo ni kama zamani alisikia chombo, hakusikia kinachofanywa nacho.

Kuna pia "Aselestine", ambao Hubley anauimba kwa upole juu ya gitaa la kawaida, na "Apology Letter", wimbo ambao mtu wa lugha hawezi kuupita. Humo Kaplan anahangaika kuomba radhi, naye anatambua kwamba maneno hayafiki kwa mwenziwe yakiwa kama alivyoyatuma. Nani kati yetu hajaandika ujumbe wa kuomba msamaha, akaufuta, akauandika tena, na ulipofika ukazua ugomvi mwingine? Ukiwa umeimbwa na mtu ambaye mkewe yuko hatua chache nyuma yake akipiga ngoma, wimbo huu una ujasiri ambao hauhitaji kuhesabiwa miaka.

Na je, hakuna kasoro? Ipo, kwangu. "Brain Capers" unatumia mbinu ile ile ya mvumo na marudio bila kutupeleka mahali ambapo wimbo wa kwanza haujatufikisha, na ukija mara tu kabla ya ule wenye jina la albamu, masikio yanauliza kwa nini yote mawili. Mtu mwingine atanipinga, na ningependa anipinge. Lakini tazama jinsi hoja ndogo kama hii ilivyo adimu katika mapitio yaliyojaa heshima. Wakongwe hawakosolewi, husamehewa. Ukimsamehe mtu kabla hajakosea umemwambia kwamba humtarajii tena kufanya jambo linaloweza kupatia au kukosea.

Kuna jambo jingine la kutazama. Kampuni ya kurekodi huambatanisha albamu na maelezo ya kuinadi. Katika maelezo ya This Stupid World kulisisitizwa kwamba karibu kila wimbo umejengwa juu ya watatu hao wakipiga pamoja kwa wakati mmoja, na kwamba albamu inasikika kama wapo mbele yako. Hoja hiyo ikajitokeza katika mapitio mengi. Inaweza kuwa kweli. Nami nikisikiliza nahisi hivyo. Lakini kauli ya muuzaji ikishavaa koti la mhakiki, msomaji hana njia ya kujua ni nani anayesema naye. Anadhani amepata mashahidi ishirini, kumbe ni shahidi mmoja aliyenukuliwa mara ishirini.

Nisiwe kipofu kwa upande wa pili. Walikuwepo waliosikiliza kwa makini, walioeleza jinsi besi inavyoshikilia nyimbo na jinsi sauti tatu tofauti zinavyogawana albamu. Vilevile mhakiki wa gazeti ana maneno machache na muda mfupi; pengine amepewa siku mbili kwa kazi iliyochukua miaka. Majarida mengine, kama Pitchfork, humtaka atoe hata alama juu ya kumi yenye nukta, kama mwalimu anayesahihisha insha. Njia ya mkato inavutia mtu anapochelewa. Hata hivyo, msomaji halipi kwa sababu mwandishi alikuwa na haraka.

Sisi tunaoandika kwa Kiswahili tusicheke sana. Neno letu tulipendalo kwa wasanii wa siku nyingi ni "mkongwe", nami nimelitumia humu. Asili yake ni uzee mkubwa, hata ule wa kuchakaa, lakini katika magazeti yetu limekuwa nishani: mwanamuziki mkongwe, mwandishi mkongwe, mtangazaji mkongwe. Sina ugomvi na neno kupanuka maana. Lugha hai hufanya hivyo. Ugomvi wangu ni pale neno linaposhika nafasi ya hoja. Tukishaandika kwamba kitabu kipya ni cha mwandishi mkongwe, aya tatu zinazofuata huorodhesha vitabu vyake vya zamani na tuzo zake, na kitabu kipya hupata sentensi mbili: kinapendeza, kisomwe.

Na pale mkongwe anapothubutu kubadilika, tunakwama. Euphrase Kezilahabi alijulikana kwa Rosa Mistika ya mwaka 1971 na riwaya nyingine zilizosimulia maisha kwa njia inayofahamika. Alipotoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, vitabu vifupi vyenye safari za ajabu, wakati uliovurugika na maswali ya kifalsafa, wasomaji wengi walishika vichwa. Maswali ya kwanza yalikuwa kama hizo ni riwaya kweli. Ilichukua muda uhakiki wetu kupata lugha ya kuzijadili kama zilivyo, na leo hakuna anayefundisha mabadiliko ya riwaya ya Kiswahili akaziruka. Laiti tungempa wakati ule sifa za adabu, kwamba Kezilahabi bado anaandika, tungekuwa tumemheshimu na kumzika kwa pamoja. Afadhali mabishano yale. Waliobishana walikuwa wamevisoma vitabu.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa anayehakiki kazi mpya ya mtu wa siku nyingi, iwe albamu, diwani au tamthilia, ni rahisi. Akimaliza kuandika, afute kila "bado", kila "tangu" na kila "wamerudi", kisha aangalie kilichosalia. Kikisalia kitu kuhusu kazi yenyewe, maneno hayo anaweza kuyarudisha mawili matatu kwa ajili ya utamu. Pasiposalia kitu, arudi akasikilize.

Msanii aliyeanza kazi mwaka 1984 hana haja ya kupigiwa makofi kwa kuwa hai. Hilo ni jambo la daktari wake. Anachostahili ni kile tunachowapa vijana bila kufikiri: kusikilizwa kama mtu ambaye wimbo wake unaofuata unaweza kutushangaza, kutuudhi, au kushindwa kabisa. Yo La Tengo wametoa nyimbo tisa. Ukipata dakika hamsini hivi, zisikilize bila kuangalia mwaka walioanza, kisha uniandikie kama nimekosea kuhusu "Brain Capers".